Kengele ya Mtani

Tuseme ukweli kabla watu hawajauchakachua: Umi Likwata hakumchongea kochi wake. Alimtania. Kama hujui tofauti ya kuchongea na kutania, basi hukuzaliwa kusini, na si kosa lako. Yule mgeni aliyekaa kwenye hema siku ile naye hakuzaliwa kusini.

Lakini kumbe Umi mwenyewe hakuwa na hakika hiyo. Ndiyo maana mwezi wa kumi na moja ulimkuta pale Rutamba anaamka kila alfajiri kabla muadhini hajakohoa, anavaa raba, halafu anakaa kitandani kusikiliza. Alikuwa anasikiliza kengele ya baiskeli. Baiskeli yenyewe ilishakufa zamani. Kochi Klementi aliing'oa kengele akawa anakimbia nayo mkononi. Mlio mmoja, ongeza mwendo. Miwili, punguza. Mitatu, simama unywe maji kabla hujaanguka tukakosa la kumwambia bibi yako. Miaka mitano Umi alikimbia akiufuata mlio huo kati ya mistari ya mikorosho. Sasa kengele ilikuwa na mwezi wa pili haijalia, na masikio yake yalikuwa hayajakubali.

"Umi!" bibi yake, Bi Sada, alimwita kutoka chumba cha pili. "Kama unakimbia, kimbia. Kama unalala, lala. Kukaa kitandani na viatu ni dini gani hiyo?"

"Nakuja, bibi."

"Unakuja wapi, na mimi sijakuita?"

Umi akatoka, akakimbia peke yake, akarudi mapema. Hakuna aliyemwambia amekimbia vibaya. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana alikuwa amekimbia vibaya kweli.

Huyo Klementi alikuwa Mmatumbi wa milimani nyuma ya Kilwa, Mkatoliki, mtu wa miaka arobaini hivi. Alikuja Rutamba na bomba mgongoni, kibarua wa kupulizia salfa mikorosho ya watu, msimu ukaisha yeye akabaki. Ujanani aliwahi kuvaa jezi ya taifa. Alikuwa anahadithia: nilishinda hapa, nilimpita fulani pale, uwanja mzima ukasimama. Watoto wa Rutamba walimsikiliza midomo wazi, na asubuhi yake wakamfuata mashambani kwa mguu mtupu. Umi alikuwa na miaka kumi na mitatu walipokutana mara ya kwanza. Alikuwa anamfukuza mbuzi wa bibi yake, na mbuzi alikuwa anashindwa.

"Wewe Mmwera!" Klementi alimpigia kelele. "Umechimba ukaiba ming'oko ya nani unakimbia hivyo?"

Umi akasimama, akapiga goti kwa adabu zote. "Shikamoo."

"Marahaba."

"Nimeiba akili zako, Mmatumbi. Nikakuta hazijai hata kifuu."

Klementi alicheka mpaka akalivua bomba mgongoni. Tangu siku hiyo wakawa watani, na utani wao haukuwa wa kuigiza. Wamwera na Wamatumbi wametaniana tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, ukamjibu lakini usinune, maana ukinuna umeshindwa. Anaweza kukunyakulia kofia yako kichwani akaenda nayo, na utaikomboa kwa jogoo siku utakayoweza. Na siku ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika. Atachimba kaburi, atapika, atamwigiza marehemu mpaka ucheke na machozi yako usoni.

Baba yake Umi alikwenda kuvua kamba huko Rufiji akaoa huko huko, mama yake alifariki Umi akiwa mdogo. Kwa hiyo ukitaka kujua nani alimwambia yule binti kwamba ana kitu ndani yake, ni mtu mmoja tu. Klementi alimwambia hivyo kwa matusi, lakini alimwambia. "Mmwera, una mapafu ya punda. Akili utaazima kwangu." Umi angemfia mtu yule. Nasema wazi kwa sababu mwenyewe hakuwahi kumwambia.

Sasa tufike kwenye mkoba.

Ilikuwa mwezi wa sita, salfa imejaa hewani, kila mtu anakohoa. Kochi alimtuma Umi chumbani kwake achukue kengele. Umi akaipapasa chini ya kitanda, mkono ukagusa mkoba wa kitambaa, mdomo wazi. Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi mbili, vichupa vidogo na sindano. Alikuwa bado amechuchumaa Klementi alipoingia.

"Dawa za mgongo hizo, mtani," akasema haraka. "Uzee."

"Pole," Umi akasema.

Akachukua kengele akatoka. Aliamini? Aliamini, ndiyo. Mtu huyu ndiye aliyekuwa anawaambia kila Jumamosi, "Mwili haudanganyiki. Ukiudanganya leo utakuumbua kesho." Usimwamini huyo umwamini nani? Lakini wiki ile mara mbili alimwona anatia vidonge mdomoni, asubuhi vitatu, jioni vitatu, na mtu wa kuumwa mgongo alikuwa anapanda kilima cha Rutamba kama ana miaka ishirini. Umi aliona, akaona, kisha akajiambia hajaona.

Mwezi wa nane wakaenda Lindi mjini kwenye mbio za barabarani. Umi alikuwa wa kwanza kwa wanawake. Lakini sherehe haikuwa yake. Sherehe ilikuwa ya Klementi, aliyeingia mwenyewe kwenye mbio za wanaume na miaka yake arobaini, akawaacha vijana wa watu wanatema mate, akamaliza wa pili! Watu wa Rutamba walioshuka kwenye malori walimbeba juu juu. Umi alimwona analia, kochi mzima, analia na kengele mkononi.

Wakakaa kwenye hema kunywa soda, na utani ukaanza, ungekosaje kuanza? Kila Mmwera alikuwa na lake. Ikafika zamu ya Umi, medali shingoni, raha imempanda kichwani.

"Jamani, mnamsifu bure huyu!" akapaza sauti. "Miguu si yake hiyo! Mmatumbi huyu anakula vidonge! Anao mkoba mzima chini ya kitanda, asubuhi vitatu, jioni vitatu! Mkimkamua atatoka dawa ya duka zima!"

Hema likalipuka kwa kicheko. Klementi naye akacheka, ilimbidi, ndiyo sheria. Ila Umi, aliyekaa mbele yake kabisa, aliona kicheko kimeishia mdomoni. Na pembeni kulikuwa na mgeni mwenye kitambulisho shingoni, mtu wa kupima wanariadha. Huyo hakucheka. Aliandika kitu, akaondoka, na baada ya muda mfupi Klementi aliitwa akatoe mkojo.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwisho wa mwezi wa tisa majibu yakaja. Miaka minne: asishindane, asifundishe. Aliulizwa akasema dawa za mgongo, akaulizwa tena akasema hizo hizo. Na barua ilikuwa na mkia, mwalimu Haruna wa shule ya sekondari akausoma kwa sauti mbele ya wakimbiaji wote: mwanariadha yeyote atakayeendelea kufundishwa na Klementi, naye atafungiwa.

Klementi aliondoka Rutamba asubuhi ile ile kwa bodaboda, bomba lake limefungwa nyuma. Alipita mbele ya nyumba ya Bi Sada. Umi alikuwa anafagia uani, akanyoosha mgongo, akangoja tusi lake la asubuhi. Angetukanwa siku ile angepona. Klementi alitazama mbele, akapita.

Tangu hapo binti akawa na mambo mawili yanayogombana kifuani. Moja lilisema: mwongo yule, ametudanganya Jumamosi zote zile, aende zake. La pili lilisema: ni mdomo wako, Umi. Uliona mkoba ukajifanya unatania. Na mchana haya mawili yakichoka kugombana, lilibaki la tatu ambalo halikuwa na maneno, alimtaka tu kochi wake. Alikumbuka harufu ya salfa kwenye fulana yake, akakumbuka hata kile kikohozi chake cha uongo alipotaka kupumzika bila kusema amechoka.

Ndipo habari zikaja, korosho zikiokotwa. Mama yake Klementi, Bibi Getrude, amefariki huko Kinjumbi, kwa binti yake Stefania.

Bi Sada alikuwa anabangua korosho barazani. Akafuta mikono, akamwangalia mjukuu wake.

"Mtani wako amefiwa."

"Nimesikia."

"Umesikia na bado umekaa?"

"Bibi, barua si ulisomewa? Nikionekana naye nimekwisha."

"Barua imekataza kukimbia naye. Imekataza kuzika?"

Umi akaokota ganda la korosho, akalivunja vunja.

"Nakuuliza mimi! Imekataza kuzika?"

"Haijakataza."

"Basi inuka. Mtu akifiwa bila mtani, atalia na nani?" Bi Sada akarudi kwenye korosho zake. "Na kama hakutaki, akufukuze kwa mdomo wake. Umechakaa kwa kungoja tangu vuli haijaanza."

Umi alipanda bodaboda hadi Kitomanga, akapata basi, akafika Kinjumbi alasiri. Njia nzima alijiuliza swali moja tu: atacheka au atanuna? Akicheka, bado ni mtani wangu. Akinuna, imekwisha, na mimi ndiye niliyeimaliza.

Uani kwa Stefania kulikuwa kumejaa watu. Kaburi lilishachimbwa, mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi. Klementi alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanaume wenzake, amekonda, ndevu zimemtoka. Alimwona Umi. Umi akapiga goti.

"Shikamoo, kochi. Poleni sana."

"Marahaba," akasema kwa upole kama anavyomjibu mtoto wa jirani. "Tumeshapoa. Ahsante kuja."

Hakumwita Mmwera, hakumtukana hata kidogo. Umi aliinuka, akaenda jikoni, akashika mwiko, akalia akausingizia moshi.

Stefania alimfuata. Alikuwa mama mnene, sauti imekauka kwa kilio. "Wewe ndiye Umi?"

"Ndiye."

"Yule mtani wa kaka yangu?"

"Nilikuwa."

"Ulikuwa ndiyo nini? Tangu arudi hapa kaka yangu hajacheka. Mama amekufa hajamsikia akicheka." Akamnyang'anya mwiko. "Ugali nitasonga mimi. Wewe nenda kafanye kazi iliyokuleta."

Kwenye kamba ya nguo palikuwa na suruali ya mazoezi ya Klementi, ile ya bluu yenye kiraka gotini. Umi aliitazama. Moyo ulimwenda mbio kuliko siku yoyote ya mashindano, wallahi. Akaichukua, akaivaa juu ya gauni, akaikunja kiunoni. Akakwapua konzi ya karanga kwenye ungo. Akatoka uani anakimbia.

Alikimbia kwa mwendo wa Klementi, kifua mbele, kidevu juu, bega la kushoto limeshuka, na kile kikohozi cha uongo kila hatua ya kumi. Alizunguka mikeka. Watoto wakaanza kucheka, kisha wanawake. Mzee mmoja akauliza, "Huyu ni nani?" akajibiwa, "Mmwera, mtani wa Klementi," akasema, "Haya! Tumepata."

Umi akasimama mbele ya Klementi. Kicheko kilikuwa kimeshapamba moto, angeweza kuishia hapo. Lakini kumwigiza kochi wake na kuliruka lile moja kungekuwa uongo wa pili. Akafungua kiganja.

"Asubuhi vitatu!" akasema, akatupa karanga tatu mdomoni. "Jioni vitatu!" Akatupa tatu tena.

Kicheko kikakatika. Hata waliokuwa wakipepeta mchele waliacha. Habari ya Klementi na dawa ilikuwa imefika Kinjumbi kabla yake, na hakuna aliyewahi kuitamka mbele yake. Stefania alishika kichwa mlangoni. Umi alisimama na suruali ya watu, anatafuna karanga zisizomezeka, anamtazama mtu mmoja.

Klementi aliinamisha uso. Akakaa hivyo mpaka mwanamume aliyekaa jirani yake akaanza kuinuka amwondoe yule binti.

"Mwongo," Klementi akasema.

Akainua uso.

"Mwongo wewe, Mmwera. Shule umekwenda kusomea ujinga. Jioni vilikuwa vinne."

Hakuna aliyejua acheke au asicheke. Akaanza yeye mwenyewe, kicheko kibaya cha kukauka, mabega yanatikisika, na machozi yakamfuata hapo hapo. "Vinne!" akarudia. "Na sindano Ijumaa! Mgongo hauniumi, haujawahi kuniuma!" Ndipo watu wakacheka wote, kwa kupona, na Umi akacheka akalia akapaliwa na karanga.

Mkosaji yule alihojiwa na wakubwa kwa barua na mihuri akakataa. Alikiri msibani, kwa mtani.

Kesho yake walimzika Bibi Getrude, padri akasoma, Umi na wanawake wakabeba maji. Baadaye Klementi alimkuta kwenye kivuli cha ukuta anaosha sufuria. Akakaa mbali kidogo, hatua kama tano, watu wote wakiwaona.

"Kochi," Umi akasema bila kuinua kichwa, "mimi ndiye niliyekuponza. Mdomo wangu. Yule mgeni alinisikia."

"Acha kujisifu. Wa kwanza mpaka wa tatu wote hupimwa, na wewe si ulipimwa? Jina langu lilishaandikwa kabla hujafungua domo lako."

Umi akaacha kusugua. "Kwa hiyo ulijua?"

"Ukimaliza mbele, unajua."

"Ulijua watakupima, na bado ukakimbia hivyo?"

Klementi aliokota kijiti, akakivunja. "Miaka mitano nawahadithia kwamba nilishinda. Nyie mnasikia tu. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniona. Nikasema mara moja tu, Umi. Mara moja wanione."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Umi alihisi hasira imempanda mpaka masikioni, na huruma juu yake, asijue ipi ni ipi.

"Tulikuwa tunakuona," akasema. "Kila asubuhi tulikuwa tunakuona! Nani alikuambia tunakuja kwa ajili ya hadithi?"

Klementi alivitupa vipande vya kijiti. Akaitazama mikono yake.

Gari la kurudi lilikuwa linapita saa sita. Umi aliaga watu, akaingia ndani kumuaga Stefania, na pale dirishani akaiona kengele imewekwa juu ya kitambaa, imesuguliwa inang'aa. Hakufikiri. Aliinyakua, akatoka nayo mbele ya kadamnasi, akainua juu.

"Jamani shuhudieni! Mtani wangu nimemchukulia kengele!"

"Haki yako!" wakaitikia wale wazee.

Klementi alisimama. "Irudishe hiyo, Mmwera."

"Njoo uikomboe."

"Nitaikomboaje? Nina jogoo mmoja tu, na ameshaliwa hapa msibani."

"Sitaki jogoo." Akaipachika kengele kwapani. "Siku adhabu yako ikiisha, uje Rutamba kwa miguu yako yenyewe. Bila mkoba. Usipokuja, inakuwa yangu, na nitamfungia mbuzi wa bibi shingoni."

Watu wakacheka. Klementi hakucheka. Alimtazama binti yule kama mtu anayepima barabara ndefu kwa macho, halafu akatikisa kichwa, akasema taratibu, "Una mapafu ya punda."

"Na akili nitaazima wapi?" Umi akauliza.

"Subiri," akamjibu. "Nitakuja nazo."

Siku hizi Umi bado anaamka alfajiri, ila hakai tena kitandani. Anakimbia mashambani na kengele mkononi, kiganja kimeifumbata ili isilie. Bi Sada alimuuliza mara moja kwa nini ahangaike na chuma kisichopigwa, akajibu kwamba kina mwenyewe. Mwisho wa mikorosho pana mahali njia ya Kitomanga inaonekana yote. Kila asubuhi husimama hapo akiitazama kwa muda wa kunywa maji, ingawa anajua fika kwamba imebaki miaka mitatu na miezi tisa na hakuna mtu atakayetokea. Kisha huikamata vizuri kengele, huongeza mwendo, na hakuna aliyempigia ule mlio mmoja.